Drap Nyeupe mu Lupango

Mama Mushiya, mama yangu,

Jambo kwako na kwa batu bote ba kartiye yetu ya Kapata. Mi niko muzima huku juu mu station ya anga yenye kuzunguka dunia, njaa ya bukari, ugali ya kwetu, tu njo inanisumbua. Tunalala mu sac ya kulalia yenye kufungwa ku ukuta, na mayi ya kunywa inasafishwa kutoka mu mikojo yetu. Cheka tu, mama. Siku ya posho, mwisho ya juma, tunafanya usafi kama kwetu.

Uliniuliza kama niliona ile drap nyeupe ya kitanda ulitandika mu lupango, inje ya nyumba, saa tulipita juu ya muji yetu Kolwezi. Eti uliifua mara mbili sababu ya vumbi ya mine, kule banachimba shaba, na ukasimama pembeni yake mu jua, ukinipungia mukono.

Saa ile nilikuwa ku dirisha na Haruka, Mujapani wa kazi yetu. Aliniuliza: "Kwenu ni wapi?" Niliona mashimo ya mine, udongo wote wazi kama kidonda. Haya ilinishika. Nilinyoosha kidole mbali, ku ziwa na pori yake ya kijani, nikasema: "Ni pale."

Akasema: "Ni kuzuri."

Mama, hata ungetandika drap kubwa kama Kapata nzima, singeiona. Niliendelea kuangaria ziwa pamoja naye, mupaka weye mama ukapita chini yetu.

Mutoto wako,
Modeste