Majivu ya Mama Mkwe

Jumanne, Februari

Bado nina majivu kwenye kucha, na sitaki kuyatoa.

Leo maharage ya kununua yameisha. Tangu mume wangu asimamishwe kazi tunakula ugali na maharage tu, na mahindi ya shambani hayajakomaa. Nilimwambia mama mkwe nikiwa nimeinamisha kichwa, maana kosa ni langu. Mwaka jana, alipohamia kwetu kutoka Maposeni na maharage yake, niliyapepeta nikamwaga majivu aliyoyahifadhia, eti yananichafulia stoo. Wadudu wakayamaliza.

Aliinuka. Akavuta mtungi chini ya kitanda chake, umejaa majivu hadi mdomoni. Akazamisha mkono mpaka kiwiko, akautoa na maharage yanayong'aa kama yamevunwa jana!

"Haya ni ya lini, mama?"

"Ni yale yale, mwanangu. Nilipokuona unatafuta ungo, nikaficha nusu."

Nimeyaosha majivu kwa mikono yangu, yakachukua mchana kutwa kuiva. Watoto wamekula, wakaongeza.

Mwaka mzima amelala juu ya chakula chetu, huku akinisikia nikiyacheka majivu yake.