Ng'ombe wa Kwanza Kuingia Joshoni

Kapseret, Alhamisi jioni

Mama Jerop,

Leo sikupata mtu wa kumweleza, kwa hivyo nakueleza wewe.

Unajua ninavyopenda kuandika shajara. Miaka yote tuliyokuwa majirani, kila Alhamisi niliandika "josho", halafu neno moja ulilosema siku hiyo. Alhamisi zote tangu tukuzike nimeandika hali ya hewa tu.

Watoto wako waligawana ng'ombe wakawauza. Siwalaumu, wanaishi mjini na hawana malisho. Waziri, yule ng'ombe wako wa kutangulia, alipakiwa kwenye lori la kwenda Turbo, na hakuna aliyefikiria ataacha pengo gani, hata mimi. Alhamisi iliyofuata tulifika joshoni kuwaogesha ng'ombe kama kawaida. Dawa ya kupe ilikuwa tayari, shimo limejaa, na hakuna ng'ombe aliyekubali kuruka. Kumbe siku zote walikuwa wakimfuata Waziri. Yeye anaruka, wanamwona akiogelea na kutoka ng'ambo mzima, basi nao wanaingia. Sasa walisimama ukingoni wakitetemeka. Chairman wa josho alimpiga ng'ombe wake hadi akateleza akaumia mguu. Ungekuwepo ungemwambia, "Chairman, huyo anaogopa maji kama wewe unavyoogopa kuoga," na watu wangecheka, na tungejaribu tena. Hukuwepo. Tulirudi nyumbani.

Baada ya hapo wenye uwezo walinunua pampu za mgongoni. Kila mmoja sasa ananyunyizia ng'ombe wake ndani ya ua lake, lango limefungwa. Sisi wa ng'ombe mmoja tukabaki kung'oa kupe kwa vidole. Barasa wa boda boda alipoteza ndama kwa homa ya kupe. Nilimkuta amemfunika kwa koti lake la mvua, na mvua inamnyeshea yeye.

Wiki jana chairman aliitisha mkutano. Alisema josho halina kazi tena, shimo lifukiwe, kiwanja kikodishwe kwa mtu wa mahindi. Nilisimama, Mama. Mimi, mtu wa kuja kutoka Bungoma, nisiyefungua mdomo hata kanisani. Niliomba Alhamisi moja.

"Moja tu, Nekesa," akasema. "Na wako ndiye ataingia wa kwanza."

Nina ugomvi kidogo na wewe. Ulitufundisha kupima dawa, ulitufundisha kushika ule mti mrefu wa kuzamisha vichwa vya ng'ombe, hukumnyima mtu chochote. Lakini jinsi Waziri alivyojifunza kuruka uliniambia mimi peke yangu, tena kwa mzaha, siku ile mvua ilipotufungia kwenye banda lako tukikamua. Nilikuambia ng'ombe wako ni jasiri. Ukanicheka. "Ujasiri gani? Nilimwiba mtoto wake nikamweka ng'ambo. Huyo ni mama tu." Tukaendelea kukamua, nami nikalichukua kama hadithi. Tulikuwa na josho la watu wote, lakini lilisimama kwa ng'ombe wa mtu mmoja.

Leo asubuhi nilimpitisha ndama wangu kando, nikamfunga kwenye nguzo ng'ambo ya shimo. Nikamleta mama yake kwenye njia nyembamba. Akasimama. Ndama akalia, na yeye akajibu, lakini hakusogea. Wenye pampu walikuwa barabarani wakitazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama nimeleta ng'ombe au sanamu. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kumwambia chairman, ndipo ng'ombe akaruka. Maji yalinilowesha hadi kitambaa cha kichwa. Akaibuka, akaogelea, akapanda ngazi na kwenda moja kwa moja kumnusa mtoto wake.

Nikageuka kukuambia. Kwenye ukuta uliokuwa ukiukalia palikuwa na mjusi.

Nilimzungusha ng'ombe wangu akaingia mara ya pili, kwa sababu dawa hutulia chini hadi anayetangulia aikoroge, kama ulivyotufunza. Nyuma yake akaingia wa Barasa, kisha wengine. Chairman alileta wake mwishoni, yule anayechechemea, akasema, "Haya, shimo tuliache." Hakuniangalia.

Niliwaeleza wote jambo la ndama, pale pale, wenye pampu pia. Barasa alisikiliza hadi mwisho, akasema wake hana ndama sasa. Nikamwambia amwache afuate wangu, na akizaa tena nitakuja mwenyewe tumfundishe.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Nitapita boma kwa boma hadi kila mtu awe na ng'ombe anayejua kutangulia, ili siku nikifa, au wangu akiuzwa, mtu asirudi nyumbani na kupe.

Pumzika, Mama. Baada ya josho kila mtu aliondoka na ng'ombe wake akizungumza na mwenzake, mimi nikabaki kufunga lango. Nilikaa kidogo. Alhamisi ijayo nitalifungua mapema, niwasubiri.

Ni mimi jirani yako,
Nekesa