Maji Hayazimui Dawa

Kangemi, Nairobi
Novemba 1951

Dada yangu mpenzi Peres,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Mimi mdogo wako Were ni mzima, ila nimepungua mwili, hata mshipi wangu sasa unanizunguka kama unamtafuta mtu mwingine. Je, mtama umeitika mwaka huu? Goti lako je? Na mwanao Odero?

Huyo Odero ndiye aliyenishikisha kalamu. Ajwang wa kijijini kwetu ameshuka garimoshi leo akaniambia kwamba mpwa wangu ameshikwa na kichomi, kwamba zahanati ya misheni imempa vile vidonge vyeupe vya salfa, na kwamba wewe unampa kwa uji mzito tu, maji umemnyima kwa kuwa yanaingiza baridi kifuani. Dada, kabla hujasoma mstari unaofuata, weka barua chini umpe kijana maji, kikombe kizima. Yapashe moto kama unaogopa baridi, lakini anywe. Nakungoja hapa hapa.

Amekunywa? Haya, sasa nikueleze sababu, maana nakujua, wewe hufanyi jambo kwa kuamriwa na mdogo wako.

Kazi yangu unaijua. Katika Nairobi hii hakuna mpaka chokaa anayenifikia, na si mimi nisemaye, ni kuta zenyewe. Mwezi wa nane nilipaka nyumba ya Mzungu mmoja huku vilimani, upande wa magharibi, ikawa nyeupe hata majogoo wa majirani wakawika usiku kucha wakidhani kumepambazuka. Mzungu akaniomba nipunguze weupe. Nikamwambia weupe ukishatoka mkononi mwangu haurudi. Siri yangu ni moja: sizimui. Chokaa ukiizimua kwa maji mengi inateleza ukutani kama machozi, na ikikauka unabaki na mabaka. Nilifika darasa la tatu tu, lakini hilo hata mwalimu wangu halijui.

Basi mvua ikanikuta juu ya ngazi, kichomi kikaniingia ubavuni. Hospitalini nikapewa salfa, na dresa mmoja, yaani msaidizi wa daktari, Zachariah, Mkamba mwenye miwani, akaniambia dawa hii ni kali, kila nikimeza ninywe maji mengi, na mchana kutwa niendelee kunywa hadi nichoke. Mimi katika maneno yale yote nikasikia neno moja tu: kali. Nikacheka moyoni. Dawa ikiwa kali, ya nini kuizimua? Itashikaje kifuani? Nikawa nameza vidonge vikavu, kama kuku anavyomeza mahindi, na chai nayo nikaikataa. Mama Wanjugu, yule mjane mwenye chumba ninachopanga, akaniuliza ni mtu gani wa ziwani anayeogopa maji kama paka. Nikamjibu kwamba yeye ashughulike na viazi vyake, mambo ya kukoroga aniachie mimi.

Na kifua kilipona, dada! Nikatembea Kangemi nzima nikijisifu. Kisha kiuno kikaanza kuniuma, pande zote mbili, kama mtu ameniegemeza ngazi mgongoni akasahau kuiondoa. Mkojo ukawa kidogo, halafu kidogo zaidi, na mwekundu kama udongo wa Mutuini. Sikumwambia mtu. Nilishuka mjini, River Road, kununua brashi, na mji machoni pangu ulikuwa umelegea ajabu. Ile miti ya maua ya zambarau ilikuwa ikimwaga maua ambayo hayafiki chini. Watu walipita bila kukanyaga chini, na ndani ya maduka misumari ilikuwa ikiimba polepole ndani ya makopo yake, wimbo mzuri, hata nikasimama nisikilize. Nilipotaka kuketi, nikaketi juu ya magunia ya chokaa, nikalala. Wanaume wanne walininyanyua, na hao wanne wakaomba wa tano.

Wakanirudisha hospitalini, nikalazwa kando ya Mwanzia, kijana seremala wa Machakos. Naye alikuwa amemeza salfa bila maji, kwa sababu choo cha kwao kiko mbali na mvua ilikuwa haikomi, hakutaka kutokatoka. Tukapatana kwa utani. Akaniambia mimi nikifa nitajisifu hata kaburini. Nikamwambia yeye ataomba kaburi lenye choo ndani. Alicheka huku ameshika kiuno.

Zachariah alipoona kopo la mkojo wangu alivua miwani. Akaniuliza nani alinituma nichanganye dawa yake na akili yangu. Akaeleza kwamba salfa ikimaliza kazi hutoka kwa njia ya figo, na maji yakiwa haba inaganda humo ikawa punje punje, zinakwaruza na kuziba. Nikaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyoitikia kanisani wakiwaza chakula. Akaniletea maji yenye unga kidogo wa soda. Nikayaonja, nikayaweka. Dada, nilikuwa bado nailinda dawa yangu isizimuke.

Alasiri mvua ikapiga bati, nikaota. Nilikuwa kilimani mbele ya nyumba ambayo sikuijua, nyeupe tupu, bila mtu, na ukungu ukiingia na kutoka madirishani kama mwenyeji. Nikazunguka nyuma. Huko kulikuwa na vijumba viwili vidogo vilivyopinda kama punje za maharagwe, na ndani ya kila kimoja kimetundikwa kitambaa cha kuchujia chokaa, kama changu cha kazini. Vitambaa vilikuwa vimejaa mchanga mweupe unaometameta, mzuri wa kutazama. Hakuna tone lililopita. Mwanzia alikuwa juu ya ngazi, akaniita kwa upole, Mzee Were, lete maji tusuuze. Nikamwambia hapana, yataharibu rangi. Akashuka, akaibeba ngazi yake begani akaenda nayo ndani ya ukungu. Nami nikabaki peke yangu na vile vitambaa, nikajua. Kitambaa kilichoziba, dawa yake ni ndoo ya maji. Hilo nimelifanya tangu ujana, kila jioni, kwa mikono hii hii! Nisichotaka kuzimua ni kile kilicho ukutani. Kilichobaki kwenye chujio husuuzwa.

Nikaamka nikapiga kelele nikitaka maji. Nilikunywa birika langu, na la jirani, na la jirani yake, hata watu wa Parklands nadhani walikosa ya kuoga. Zachariah alipima kila ninachokunywa na kila kinachotoka. Mkojo ulikuja kama mgeni mwenye haya, kisha ukaja mwingi, kisha ukaja mweupe. Dada, nilisimama mbele ya kopo nikalia.

Sasa kuna jambo nimelipita makusudi. Nilipoamka katika ndoto ile, nilimgeukia Mwanzia nimwambie tunywe wote. Kitanda chake kilikuwa kinatandikwa shuka mpya. Figo zake zilikuwa zimefunga kabisa, alifika amechelewa. Kila anayeniuliza habari zake, hata Mama Wanjugu, namwambia alirudi kwao Machakos kwa miguu yake, na nimemtungia safari nzuri sana, yenye ndizi na nyimbo. Wewe peke yako nakwambia alivyotoka. Alikuwa rika la Odero.

Kwa hiyo asiache vidonge, avimalize kama misheni walivyosema, lakini kila kidonge na maji, na kati ya vidonge maji tena. Tazama mkojo wake kwa macho yako mwenyewe. Ukipungua, au ukiwa mwekundu, au akishika kiuno, mpeleke zahanati saa ile ile, usingoje asubuhi. Na vikibaki usimgawie jirani anayeumwa kichwa. Ajwang ameniomba vyangu leo, nimemnyima, nitavirudisha kwa Zachariah.

Peres, tangu utoto unanisikiliza huku umeziba sikio moja. Wala sikulaumu, kuhusu yule mamba niliyesema nilimshinda mieleka ulikuwa na haki. Lakini hii moja iamini. Iamini kwa ajili ya mtoto, nyingine zote zitupe jalalani.

Mama Wanjugu anakusalimu ingawa hakujui. Nisalimie mashemeji, na wazee wa kanisa, na kila anayenitaja kwa mema, kama yupo. Ajwang anaondoka na garimoshi la kesho na barua hii iko mfukoni mwake. Odero akiinuka, mwache aje Nairobi aniite mwongo mbele ya watu, kwa sauti kubwa, ya kifua kizima. Nitamnunulia soda.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Were, mpaka chokaa