Mparachichi Uliokataa Kupisha Nyaya

Mpendwa wangu, Mama Mwajuma,

Nimeona ni heri habari hii uipate kwangu mimi. Mparachichi wa Ramazani haupo tena. Ninakuandikia waziwazi, kila mtu wa Kasongo asome akitaka, kwa sababu kilichouangusha mti wetu kinaangusha miti ya wengi, na wewe hukupenda mambo ya kunong'onezana.

Unakumbuka tulivyoupanda. Kitovu cha mtoto wetu Ramazani kilipodondoka, mama yako alikuja kutoka Nyangwe, akakifukia nyuma ya jiko, upande wa barabara, na juu yake tukaweka kokwa la parachichi, kama wazee wetu walivyofanya kwa kila mtoto. Homa ilimchukua Ramazani kabla mti haujampita kimo. Mti ukaendelea kukua peke yake. Ulipozaa mara ya kwanza hukutaka mtu aguse. Kisha asubuhi moja ukapasua parachichi, ukalipaka kwenye mkate, ukampa Mwajuma wetu. "Kula, mama," ulimwambia. "Iko zawadi ya mudogo yako."

Ni kwenye ukuta wa jiko lile nilipokueleza somo nililokuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu wa jiografia. Nilichukua kipande cha makala, yaani mkaa wa jikoni, nikachora mistari miwili. Mmoja ni mali ya nchi. Mwingine ni moshi wa vitu inavyovichoma ili kuipata mali hiyo, yaani kuni, makala, mafuta. Nilikwambia inapanda pamoja, kama watu wawili waliobeba mgonjwa kwa machela: mmoja hawezi kupiga hatua bila mwenzake.

"Mwalimu, uko unanichafulia ukuta," ulisema bila kugeuka. "Na mwenye anataka kupanda bila moshi?"

"Anahitaji umeme wa maji au wa jua. Kuna nchi ambako mistari hii imeanza kuachana. Mali inapanda, moshi unashuka."

"Na sisi?"

"Sisi tuna mto Lualaba."

Ulicheka mpaka ukaweka mwiko chini. "Lualaba iko inapita tu, mwalimu. Haijasimama kwetu hata kusalimia."

Kisha wakaja wale mabwana wenye kamba za kupimia, wakasema nyaya za umeme zitapita barabarani kwetu, nazo hazipiti chini ya matawi. Hakuna aliyetulazimisha. Sisi wenyewe tulishika mashoka kwa furaha, mtaa mzima, tukakata miti ya matunda, misafu na michungwa, hata miti ya kivuli ili umeme ukifika ukute njia nyeupe. Wewe peke yako ulisimama mbele ya mparachichi, mikono kiunoni. Jirani alikutania: "Mama Mwajuma, utapikia giza." Ukamjibu, "Nyaya zizunguke. Mutoto wangu hatoki."

Nyaya hazikuja. Miti tuliyoikata ili tuache kuchoma miti, tuliifanya makala. Ninawaza jambo hilo kila ninapopita barabara ile iliyo wazi, jua likinipiga kichwani.

Tangu ulipotuacha, mji umekua, na ukuaji huo si uongo. Wachimbaji wa machimbo ya Lusangi wanashuka na mifuko ya mawe ya madini, wafanyabiashara wanakuja kwa pikipiki kutoka Kabambare, na wote wanataka mkate. Mwajuma ana tanuru la udongo ndani ya jiko lako. Anawasha kuni ndani yake mpaka kuta ziwe nyeupe, anafagia makaa, ndipo anaingiza unga uliokandwa. Kwa tanuru hilo wajukuu wako wanasoma, na mimi ninapata dawa za presha. Nani atamwambia apunguze? Lakini kila anapoongeza mikate anaongeza kuni. Msitu uliokuwa karibu umekwisha, na sasa kuni zinakuja na baiskeli kutoka mbali. Mti uliosimama unashika hewa ya ukaa. Ukichomwa, unairudisha yote angani, na usipopandwa mwingine hakuna wa kuishika tena. Moshi wetu ni mdogo sana mbele ya moshi wa viwanda vya dunia. Hata hivyo mvua haziji tena kwa majira tuliyoyajua, na mawe ya Lusangi yanakwenda kutengeneza mitambo ya umeme ya watu wengine, ambao mistari yao inaachana. Yetu imefungwa kamba moja.

Msimu huu mvua ilivunja daraja la njia ya Kabambare. Kuni hazikufika. Mwajuma alichoma mbao za kitanda cha zamani, kisha mlango wa choo. Halafu akaja, akakaa chini miguuni pangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utotoni.

"Baba, watu wamezoea mkate wangu. Nikifunga, wataenda kwa mwingine, hawatarudi."

"Mama yako alikataa mti ule uguswe."

"Mama alikuwa anangojea umeme. Mimi siko nangojea kitu." Akafuta masizi mikononi, akasema polepole, "Nilikula matunda ya Ramazani mimi wa kwanza, Baba. Iko inaniuma pia."

Nimefundisha maisha yangu yote, na ukuta wenye mistari yangu ulikuwa nyuma yake, umeshafunikwa na masizi. Ningemwambia angoje nini? Nilitikisa kichwa kukubali.

Nilikaa kwenye kiti nikasikiliza shoka. Kuni mbichi zilitoa moshi mzito, ukatanda uani kutwa nzima, ukaingia hata kwenye nguo zako ambazo sijazigawa. Nimejaribu kupata la kukufariji na sijalipata. Kokwa ninaweza kufukia jingine, kitovu sina.

Asubuhi Mwajuma aliniletea mkate wa kwanza, wa moto, akaniwekea kisu cha parachichi pembeni kwa mazoea. Mkate ulikuwa mzuri, Mama Mwajuma. Nilikaa na kisu mkononi, sina cha kupasua.

Lala pema, na umwambie Ramazani kwa namna utakayoona inafaa.

Mumeo,
Baba Mwajuma