Mfumo wa Migomba Uliotuachia

Kaka Projestus,

Barua zangu zote kwako zilianza na shikamoo. Hii haina, na ninaiandika hadharani ili waisome na wale uliowasimulia habari zetu. Wiki iliyopita nilitumiwa maneno uliyoyaandika mtandaoni huko ughaibuni, kwamba ule mfumo wa taarifa za migomba uliotujengea Karagwe ulikufa kwa sababu "walioachiwa kule kijijini hawakuwa na uwezo". Aliyeachiwa ni mimi. Mfumo haukufa. Na kilichoulaza kwa wiki kadhaa unakijua. Kama hukijui, basi leo utakijua.

Sikukuchukia tangu zamani. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Uani kwetu Chonyonyo, Baba alipokuwa ameanika kahawa kwenye mikeka, ulikuwa unachora herufi kwa kidole katikati ya buni, mimi natamka, halafu unazifuta kwa kiganja kabla hajatokea. Jina langu nililiona kwenye kahawa kabla sijaliona kwenye daftari. Ulipokwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta nililia siku mbili, Mama ni shahidi. Na uliporudi ukasema unataka kufanya kitu kwa ajili ya kwetu, mtu wa kwanza kukuamini nilikuwa mimi.

Mwaka ule mnyauko ulikuwa umeanza tena kula migomba. Wewe nisikueleze, lakini wako watakaosoma hii ambao hawajawahi kuuona. Jani linageuka njano na kulegea kama limemwagiwa maji ya moto, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Kisu kilichokata mgomba mgonjwa kikigusa mzima, kimeshauambukiza. Ukiwahi, unatoa shina moja na kibanja, yaani shamba zima la migomba, kinapona. Ukichelewa, unang'oa kibanja kizima, na kwetu kibanja ndicho chakula cha kila siku. Kikundi chetu cha wakulima, chenye ofisi ya chumba kimoja Omurushaka nyuma ya duka la pembejeo, kilitaka mkulima popote alipo Karagwe au Kyerwa aweze kutuma ujumbe wa simu akiona jani la njano, na bwana shamba auone siku hiyo hiyo. Ukasema utatujengea.

Nakikumbuka kikao cha kuchagua. Ulitueleza vizuri kwamba hakuna anayejenga tovuti kuanzia udongoni. Unachukua kiunzi kilichokwisha kutengenezwa na wengine na kutolewa bure, msimbo wake wazi kwa kila mtu, halafu juu yake unajenga cha kwako. Asimwe, yule mwalimu wa kompyuta wa sekondari ambaye ni mwanakikundi mwenzetu, alitaka kiunzi kile kinachovuma, chenye maelfu ya watu wanaokifanyia kazi. Wewe ukakitaka kile cha zamani. Ulisema ni chepesi, kitakwenda hata kwenye mtandao wetu unaokatikakatika. Ulisema kimekomaa, hakibadiliki kila mwezi, na maelezo yake yameandikwa yote mpaka kona ya mwisho.

Mimi nilikuwa karani tu, naingiza majina ya wakulima. Lakini niliuliza, "Wanaokitunza sasa hivi wako wangapi?"

"Watatu. Labda wanne."

"Na hao wakichoka?"

Ukacheka. "Leonida, wewe andika majina ya wakulima."

Watu wakacheka na wewe. Nami nikacheka, maana ningefanya nini mbele ya watu, nimekatwa kauli na kaka yangu. Ndipo mwenyekiti wetu, Mzee Byabato, akauliza swali lile lile kwa namna yake: "Ikikwama, nani atatufungulia?"

"Mimi nipo, mzee," ukamjibu.

Kikao kikaisha hapo. Hakuna aliyechagua kiunzi siku ile, Kaka. Tulikuchagua wewe.

Mwaka na nusu mambo yalikwenda, nami nitakuwa mwongo nikisema hayakwenda. Nakumbuka ulivyoniweka pembeni yako ukinionyesha ujumbe wa kwanza kutoka Kyerwa ukiingia, na wewe ukapiga meza kwa mkono kwa furaha. Bwana shamba alikuwa anatoka na pikipiki asubuhi akijua anakwenda kwa nani. Vibanja vilipona. Nilijivunia kuitwa mdogo wako.

Kisha ukapata kazi nje. Nilikusindikiza kituoni, nikakushikia begi. Kabla hujapanda ulinipa karatasi yenye nywila na kuniambia, "Haina kazi, inajiendesha yenyewe." Nilikuuliza nifanye nini ikiharibika. Ukasema utakuwa unapokea simu.

Miezi minane baadaye kampuni inayotutunzia seva ilibadilisha mitambo yake kwa toleo jipya. Ilitoa taarifa mapema, lakini taarifa ilikwenda kwenye barua pepe yako, kwa sababu hukuwahi kuibadilisha. Mfumo ukasimama nusu. Ile sehemu ya kumjibu mkulima iliendelea kufanya kazi. Ile ya kuhifadhi taarifa na kumpelekea bwana shamba ilikufa. Mtu akituma ujumbe, anajibiwa "Asante, taarifa yako imepokelewa", na hakuna aliyeipokea. Mimi nikiangalia orodha naona hakuna taarifa mpya, nikamshukuru Mungu kwamba mnyauko umepungua. Nilishukuru, Kaka, wiki tatu nzima.

Aliyekuja kunitoa ujinga ni Mama Kokusima wa Bweranyange, mjane anayelea wajukuu wanne. Alifika ofisini saa nne asubuhi, vumbi mpaka magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akafungua kitambaa na kutoa simu.

"Nisomee hizi, mwanangu."

Zilikuwa jumbe tatu, siku tofauti. Migomba miwili imenyauka, mje. Migomba sita, mje. Ya tatu haikuwa na hesabu, ilisema tu, mnyauko umefika jikoni. Chini ya kila moja, jibu letu la asante.

"Mlitufundisha tusikate mpaka bwana shamba aje," alisema. "Nikakaa nikisubiri. Mlikuwa mnanijibu, nikajua mko njiani."

Nilikwenda naye Bweranyange siku ile ile pamoja na bwana shamba. Nisikupambie: hapakuwa na shina la kuokoa. Mikungu ilikuwa inaning'inia imeiva upande mmoja na kuoza upande mwingine, na kibanja chote kinanuka. Bwana shamba alizunguka mara moja, akavua kofia. Tuling'oa siku nne, majirani wote, na Mama Kokusima akawa anatupikia viazi vitamu maana ndizi hakuwa nazo tena.

Nilikupigia simu tangu siku ya kwanza. Hukupokea. Nilikuandikia, nikakueleza kila kitu, mpaka wale wajukuu wanne. Baada ya siku sita ulijibu: "Niko kazini. Soma maelezo ya kiunzi, yote yamo." Nilijaribu tena, ukasema kosa ni la wenye seva. Baada ya hapo ukanyamaza.

Basi nikasoma. Asimwe aliniazima kompyuta yake na kila alasiri akitoka kufundisha alikaa nami. Hakunicheka hata siku moja, ingawa yeye alikuwa na haki ya kutucheka sote. Nilipokwama niliwaandikia wale watunzaji wako watatu, wale niliowaulizia kwenye kikao. Kiingereza changu unakijua. Nikaandika hivyo hivyo, nikaeleza kwamba kuna watu wanapoteza chakula.

Siku ya pili nikajibiwa na mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa nchi ya mbali, ambaye anakitunza kile kiunzi kwa mapenzi tu. Alinipa pole kwanza. Kisha akasema tatizo hilo walilirekebisha kwenye toleo la mwaka uliotangulia, na kwamba kuhamia toleo hilo ni kazi ya saa moja. Akauliza kwa upole kwa nini hatukuhamia.

Nilikwenda kutafuta jibu, nikalipata. Uliingia ndani ya kiunzi chenyewe, Projestus. Badala ya kujenga juu yake kama ulivyotuhubiria kwenye kikao, ulifungua mafaili yao na kuyabadilisha kwa mkono wako, mahali arobaini na kitu, bila kuandika popote ulichofanya. Tungeweka toleo jipya, kazi yako yote ingefutika. Kwa hiyo hukuweka lolote, mwaka na nusu, huku ukijua. Na uliponiambia kituoni kwamba inajiendesha yenyewe, ulikuwa unajua.

Yule mzee alitumia Jumapili tatu kunielekeza namna ya kuyatoa mabadiliko yako moja moja na kuyapanga panapostahili. Nilipomaliza, kulikuwa na kosa dogo kwenye kiunzi chao pia, la namna ya kusoma jumbe zenye herufi zilizochanganyika. Nililirekebisha nikawatumia. Wakalipokea, wakaniomba nibaki nao. Leo watunzaji wa kile kiunzi ni wanne kwa uhakika, si kwa labda, na wa nne yuko Omurushaka nyuma ya duka la pembejeo.

Kikundi kilipokaa tena, wengi walitaka tukitupe tuchukue kile kinachovuma. Mimi ndiye niliyekitetea. Nilisimama mbele ya watu wale wale waliocheka, nikawaambia kiunzi hakina kosa. Waliokuwa wakikitunza walikuwa watatu tu na wanajibu, na sisi tulimtegemea mmoja asiyejibu. Nikaomba jambo moja, kwamba kuanzia sasa wawe wawili wanaojua kila kitu, na kila badiliko liandikwe. Mzee Byabato aliniuliza, "Na wewe ukiolewa ukaondoka?" Nikamwonyesha Asimwe, na daftari. Akaitikia kwa kichwa, wakapitisha.

Ndiyo hali yetu. Mfumo unafanya kazi, na ukishindwa kupokea ujumbe saa yoyote, simu yangu na ya Asimwe zinalia. Kwa hiyo ukiandika tena kwamba mfumo ulikufa, andika na jina lako, wewe uliyeulaza.

Sitaki uniombe radhi. Mimi nimepata kazi na akili humo, na hasira yangu ninaweza kuibeba mwenyewe. Mama anasema wewe ni damu yangu, nikupigie tuyamalize. Nimemwambia sipigi. Jina lako nimelitoa kwenye orodha ya wanaoweza kuingia, na barua pepe ya seva sasa inakuja kwangu.

Mwezi uliopita nilikwenda Bweranyange. Ardhi ya Mama Kokusima imepumzishwa; amepanda maharage na mahindi, na miche mipya ya migomba ataipanda pale bwana shamba atakapomruhusu. Nilikaa naye jikoni, nikajikaza, nikamwomba radhi kwa niaba yako. Nilitaja jina lako lote, na la Baba yetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wewe sina neno nawe, mwanangu. Ulikuja ukang'oa. Huyo mwenyewe ana miguu, aje."

Kazi yako iliyobaki huku ni hiyo moja. Nyingine zote nimezichukua.

Uko mbali, ukae salama.

Mdogo wako,
Leonida