Gunia la Unga na Tiketi Tatu

Jumapili, 1 Oktoba 2017

Nimetoka kwa MaKhumalo, yule mama mzee wa ng'ambo ya barabara. Nimetoa randi mia mbili za mwezi, nimekunywa chai, nimekula keki ngumu, nimerudi. Mara ya tisa hii. Imebaki Novemba, halafu Desemba tunagawana.

Wamama wa mtaa huu wa Bertrams, huku Afrika Kusini, mchango huu wanauita stokveli. Kwetu Morogoro ni mchezo: unatoa, zamu yako ikifika unapokea. Huku hawana zamu, wanakusanya mwaka mzima wanagawa siku moja. Afadhali. Hela ikiwa mkononi mwangu haikai.

Leo wamepiga soga nusu saa nzima juu ya bei ya mafuta ya kula. Duka lipi, lita ngapi. Kizulu changu cha kubabaisha, nikawa natingisha kichwa tu. Wanawake ni walewale popote, wakikutana ni bei za vitu.

Desemba nampeleka mwanangu Neema kwenye paki ya bembea. Ile kubwa upande wa kusini, yenye vigari vya reli vinavyopindua watu miguu juu. Mimi, yeye na baba yake. Tiketi tatu, nauli, na chakula cha kukaa mezani tukahudumiwa. Elfu mbili zinatosha.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimekwenda kazini saluni kwa miguu tena. Bertrams mpaka Bellevue, kilima chote kile. Nauli ya teksi, yaani daladala za huku, inaingia kwenye kopo la kahawa juu ya kabati. Hiyo ni ya aiskrimu na ya dharura.

Baba Neema naye eti ameacha sigara za kununua mojamoja. Analinda jengo la ofisi mjini, kule wenzake wote wanavuta. Jioni shati lilinuka. Nilimwangalia tu. Akaenda mwenyewe kutia randi tano kwenye kopo.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nimempitisha Neema dukani kununua daftari. Kapita mbele ya midoli kama mtu mzima anayewahi kazini. Hata shingo hakugeuza.

Ana miaka tisa. Watu wananisifia, mtoto wako ana adabu, haombiombi. Adabu gani! Mwaka juzi nilimwahidi paki, hela ikaishia kwenye karatasi zangu za kuishi nchi hii. Mwaka jana nikaahidi tena, mama yangu akafariki, nikapanda basi kwenda kuzika. Mara zote mbili hakulia. Alisema sawa tu, Mama. Kwa Kiingereza, Kiswahili anakisikia lakini hakisemi.

Tangu hapo haombi kitu. Si pipi, si kiatu. Penseli ikiisha anaandika na kipande mpaka vidole vinagusa karatasi. Ameacha kuniamini, basi. Mwaka huu nikikosa tena, nimemkosa mtoto.

Jumapili, 5 Novemba

Nimeumbuka.

Nimetoa mchango wa mwisho. MaKhumalo akavaa miwani akasoma orodha. Kila mtu atapata: unga wa mahindi magunia mawili, mchele, sukari kilo kumi, mafuta, chai, maziwa ya unga, samaki wa kopo, maharage ya kopo, sabuni. Akaendelea mpaka biskuti. Nikasubiri. Akakunja karatasi. Nikauliza, na hela?

Wakatazamana. Halafu wakacheka, wala si kwa ubaya. Mmoja akanipiga paja. Hela gani, hela ndiyo hiyo imesomwa. Ni stokveli ya chakula. Miaka ishirini na zaidi wananunua chakula cha jumla Desemba, kila mtu anabeba chake.

Hakuna aliyenidanganya. Hakuna aliyeniambia pia, nani amwambie mtu kitu ambacho mtaa mzima unakijua? Miezi kumi wanajadili bei ya mafuta mbele yangu na mimi natingisha kichwa. Kuuliza si ujinga. Mjinga ni mimi niliyekaa kimya.

Jumatatu, 6 Novemba

Nimesuka vibaya leo. Mteja kasema namvuta. Kweli nilikuwa namvuta.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimemfuata MaKhumalo. Nimeomba fedha zangu, nimwachie chakula. Amesema hela imeshalipwa kwa muuzaji wa jumla. Ananiita mntanami, yaani mwanangu, kwa hiyo hata kumkasirikia siwezi vizuri. Nimerudi nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Baba Neema nilimwambia tangu Jumatatu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nikamnunia siku mbili.

Neema hajui. Nilimwambia Aprili kwamba mwaka huu tunakwenda. Sijui hata kama anakumbuka. Ningetamani anisumbue kidogo.

Jumamosi, 9 Desemba

Lori limekuja. Lilirudi kinyumenyume mpaka mlango wa gereji ya MaKhumalo, wamama wanapiga vigelegele, wanaimba, wamevaa fulana za rangi moja. Nilipewa yangu. Nikavaa. Nikapigwa picha nimekumbatia gunia na sura yangu ile ya kununa.

Jikoni hapapitiki. Magunia chini ya meza, makopo chini ya kitanda, mafuta bafuni. Neema amezunguka akigusa vitu, akauliza kama tunafungua duka. Baba yake kamwambia ndiyo. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 11 Desemba

Nimempelekea mwenye spaza, kile kiduka cha kona. Kaangalia sukari, kaangalia mchele, kataja nusu ya bei. Nusu! Na anajua ninajua bei, miezi kumi nimezisikia. Nimebeba vitu vyangu nikarudi navyo, mikono inaniuma mpaka sasa.

Nimemlilia Furaha, tunayesuka naye kiti kwa kiti. Mkongo wa Bukavu, hana subira na machozi ya mtu. Amesema: "Mama Neema, weye unalia juu ya chakula? Chakula inauzishaka. Kwetu Noeli bila mchele si Noeli. Leta hapa saluni."

Jumatano, 13 Desemba

Mtu akikaa kwenye kiti changu masaa matano, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, ana pa kukimbilia?

Nimeuza sukari yote. Nimeuza samaki wa kopo kwa dada mmoja aliyekuja kusukwa nywele za harusi. Alisema hali samaki wa kopo. Nikamwambia wageni wako wanakula. Kamaliza kusukwa kaondoka na makopo sita. Furaha amecheka mpaka kadondosha chanuo.

Desemba ni msimu, wateja wanapanga foleni. Tunakula mkate na chai tumesimama. Miguu imevimba. Sina raha lakini nakwenda.

Jumapili, 17 Desemba

Nilijua yatafika. Mjumbe mmoja wa stokveli ana binti anayesuka Bellevue. MaKhumalo amekuja nyumbani, amekaa, amekataa chai. Kukataa chai kwake si jambo dogo.

Amesema chakula kile si cha kuuza. Amesema Januari hapa ni mwezi mrefu: mishahara imelipwa mapema na kuliwa Krismasi, shule inataka sare, inataka viatu, na watu wanalala na maji ya sukari. Ndiyo maana wao waliacha kugawana hela, kila mwaka hela ilikwisha kabla ya mwaka mpya. "Mntanami," kasema, "mtoto atakula bembea?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema mtoto wangu ana njaa yake na mimi ndiye ninayeijua. Tena mzee kama yule. Akasimama kwa kushika meza akaondoka, na mimi nikabaki na hasira na aibu pamoja.

Jumatatu, 18 Desemba

Nilidhani Baba Neema atakuwa upande wa MaKhumalo. Huku ni kwao, hawa ni watu wake. Alimenya chungwa. Halafu akasema jambo ambalo miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kusema.

Yeye kazaliwa kwetu Morogoro, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa siasa. Kila Krismasi baba yake aliwaambia, ijayo tutakula nyumbani Afrika Kusini. Kila mwaka. Alipofika miaka kumi na mbili waliambiwa fungeni mizigo, safari imefika. Kaka zake waliruka. Yeye aliendelea kucheza mpira. Hakuamini mpaka alipokuwa ndani ya ndege, na anasema furaha yenyewe hakuipata, kusubiri kulikuwa kumeshamchosha.

"Uza," kasema. "Bakiza gunia moja la unga na chupa moja ya mafuta. Vingine uza."

Alhamisi, 21 Desemba

Hela imetimia. Ya kukaa mezani tukahudumiwa haipo, nitakaanga chapati. Tiketi tatu zipo. Nauli ipo.

Nimemwambia Neema, tarehe ishirini na tisa. Anachora. Hakuinua kichwa. Sawa tu, Mama. Nilitaka kumtikisa mabega.

Ijumaa, 29 Desemba

Naandika jioni hii hii kabla sijasahau.

Chakula cha nje hakiruhusiwi ndani, kibao kinasema. Tumekula chapati zetu nje ya geti, tumesimama, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye viwiko, watu wanapita. Neema alikula akiangalia chini. Nilikuwa nimekata tiketi na bado uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kuambiwa paki imefungwa.

Ndani alitembea nyuma yetu, mikono mfukoni. Bembea ndogo akapanda, akashuka, akasema asante. Asante! Kama mgeni. Nikamwuliza unataka nini hasa. Akainua mabega. Baba yake akamwonyesha kigari kikubwa cha reli, kile cha miguu juu. Akakiangalia mara moja, haraka, kisha akaangalia pembeni. Nikaona. Nikawaambia twendeni foleni.

Foleni saa moja na nusu. Jua kali. Mawingu yakaanza kupanda, na mimi nayajua mawingu ya huku, saa tisa alasiri hayana mchezo. Nikawa nahesabu watu mbele yetu. Kumi. Wanane. Walipobaki wanne, radi ikapiga. Mfanyakazi akafunga mnyororo akasema samahani, radi ikipiga kila kitu kinasimama.

Neema akanigeukia. Sawa tu, Mama.

Nikawaka. Nilimwambia kwa sauti, watu wanasikia, si sawa! Usiniambie sawa! Kasirika, mwanangu, piga kelele, umesubiri miaka mitatu! Nililia mimi, mbele ya watoto wa watu. Mvua ikamwagika na barafu ndani yake. Tukakimbilia chini ya paa la kibanda cha aiskrimu, tumebanana na familia nyingine mbili, na Neema ananitazama kama ndiyo mara ya kwanza ananiona.

Watu wakaanza kuondoka wamejifunika mifuko ya plastiki. Baba Neema akasema na sisi labda. Nikasema atakayetaka aende, mimi hapa sitoki mpaka wanitoe walinzi. Yeye mwenyewe mlinzi, akatikisa kichwa tu. Nikakaa chini kwenye saruji iliyolowa. Baada ya muda Neema akaja akakaa karibu yangu.

Karibu saa kumi na moja mvua ikakatika. Mnyororo ukafunguliwa. Foleni hakuna, watu wote wameshakwenda. Akapanda na baba yake. Nilisikia sauti ikipiga kelele huko juu, sikuijua, na ilikuwa ya mwanangu. Wakashuka, akaenda kusimama tena mwanzo bila kuuliza. Mara nne. Mara ya nne alinivuta mkono nikapanda. Nilifumba macho nikataja majina ya marehemu wetu wote. Sipandi tena maishani.

Kwenye teksi ya kurudi ameongea mpaka kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, Kiingereza na Kizulu vimechanganyika, sikushika nusu.

Jumatano, 10 Januari 2018

Saluni tupu. Desemba kila mtu kasuka, nani atarudi leo? Furaha analala kwenye kiti. Mshahara wa Baba Neema ulitolewa kabla ya Krismasi na umekwisha.

Tunakula ugali na mchicha. Jana ugali na mchicha. Kesho najua. Lile gunia moja ndilo linalotushika. MaKhumalo alisema kweli. Naandika hapa. Nitakwenda kwake kuomba radhi, nikipata ujasiri.

Jumapili, 14 Januari

Nimekwenda. Nimepiga goti. Kaniambia amka, unachafua zulia. Akanipa chai. Nikanywa yote. Sijui kama Februari wataniita tena kwenye stokveli, sikuuliza.

Shule zinafunguliwa Jumatano. Mchana nilimpigia Neema rangi viatu vyake vya mwaka jana, vile vilivyopasuka pembeni. Alisimama mlangoni akaniangalia. Akasema havivai. Vinambana, vinafanya wenzake wamcheke, anataka vipya, vyeusi, vyenye kifungo pembeni, na anavitaka kabla ya Jumatano. Kakunja uso. Kapiga mguu chini. Kasema na penseli pia, pakiti nzima.

Sina hela. Kopo la kahawa lina randi tatu. Nimemwambia tutaona, akasema mambo ya tutaona hapana, niahidi.

Nimemwahidi. Nimekwenda bafuni nikafunga mlango nikalia, ndivyo nilivyofurahi.