Saluki Niliyemwokota Mwenyewe

Jumatatu, 6 Februari

Wamejibu. Nimengoja mpaka nimesahau nilichowaandikia, leo wamejibu: ombi langu limepokelewa na litajadiliwa na kamati.

Kamati! Ya nini? Yule mbwa nilimwokota mimi. Mimi ndiye niliyekuwa natoka jangwani, kambini kwa kaka yangu Mutlaq, nilikompelekea mchele na maji, nikaona kitu kando ya barabara ya Salmi nikadhani ni gunia limepeperushwa. Gunia likainua shingo. Saluki jike, wale mbwa wembamba wa kuwindia, rangi ya mchanga, mguu mmoja wa nyuma unaning'inia. Hakubweka, hakulia. Alinitazama tu, kama mgeni aliyengoja sana mlangoni na hataki kukusumbua. Nikamfunika buibui langu la akiba, nikamlaza kiti cha nyuma, nikaendesha mpaka Wafra, huko mwisho wa nchi, kwa hawa wanaookoa masaluki, kwa sababu wana daktari. Wakamtia vyuma mguuni. Nawashukuru, Mungu awalipe. Lakini sikusema nawapa.

Baba ameuliza tena baada ya Alasiri kama ameshakuja. Nimemwambia bado anajadiliwa. Baba akafikiri kidogo, akauliza ana kesi gani.

Alhamisi, 9 Februari

Mahojiano kwa simu. Mkuu wa kituo ni binti anayeitwa Anfal — sauti ya mjini, ya upole, ya kuchosha. Maswali kama ya watu waliokuja kuposa. Nani anashinda nyumbani? Baba. Ana umri gani? Sabini na kitu, alizaliwa hemani, hakuna aliyeandika. Mbwa atalala wapi? Nikisafiri nitamwacha na nani? Nikiolewa je? Hilo la kuolewa nimemjibu kwamba likitokea, kamati itakuwa ya kwanza kualikwa.

Kisha akauliza kama kuna mwindaji katika familia.

Nimesema kweli, nifiche nini? Mutlaq huwinda sungura kila majira ya baridi, ana masaluki wake huko kambini, hufungwa upande wa wanaume nami hata siwajui. Atarudi mwezi wa Machi. Nikasikia anaandika. Akasema, kwa ule upole wake, kwamba wengi wanaowaokota wametupwa na wawindaji, msimu ukiisha au mbwa akiumia. Kwa hiyo nyumba zenye wawindaji kamati huziangalia mara mbili.

Mara mbili! Nikamwambia babu yangu alikuwa akiwalaza masaluki hemani upande wa wanawake wasipigwe na baridi, wakati babu zake yeye wanauza vitambaa sokoni. Tukaagana kwa heshima kubwa mno.

Huko wamempa jina Deizi. Saluki! Baba amenitaka nilirudie, akauliza ndiyo nini. Ni ua, nikasema. Akaenda zake kutawadha.

Ijumaa, 10 Februari

Shangazi Hissa alikuja chakula cha mchana, naye ameshasikia. Nani humwambia? Malaika hawataingia, mazulia yote najisi, vyombo kuoshwa mara saba, na mimi mwalimu mzima wa kemia nawafundisha nini watoto wa watu. Aliongea mpaka wali ukapoa. Baba alimaliza mnofu wake bila haraka.

"Saluki si mbwa, Hissa."

"Ni nini basi, kuku?"

"Ni saluki. Na wewe ulilala naye kifuani ulipougua surua. Mama ndiye aliyekuwekea, upate joto."

Shangazi akaanza kula wali wake uliopoa. Nilimpenda Baba kuliko siku zote.

Jumatano, 15 Februari

Sasa ni ukuta. Kamati imeangalia picha za ua wetu na inataka ukuta upandishwe upite kichwa cha mtu mrefu, maana saluki huruka. Ana vyuma mguuni! Haidhuru, nimeandikiwa, atapona na siku moja ataruka.

Nikampigia Mutlaq, yeye ndiye anayejuana na mafundi. Inshallah, akasema. Nikamtumia na picha ya mbwa, aone tunachojengea ukuta. Ameiona. Jioni ndipo alipopiga: mbwa kiguru wa nini, dada, nitakutafutia mtoto wa saluki, mzima, wa ukoo unaojulikana. Nikamwambia namtaka huyu huyu. Akasema basi tungoje, mafundi wote wako likizo.

Mafundi wote wa Kuwait. Siku moja. Wamekwenda wapi, pikiniki?

Jumapili, 19 Februari

Fundi nimempata mwenyewe, Mmisri, hatua chache kutoka shuleni. Ukuta umepanda. Jirani ameuliza kama tunafuga chui.

Ukaguzi ni keshokutwa.

Jumanne, 21 Februari

Vumbi. Mbingu imekuwa rangi ya chungwa tangu asubuhi, barabara haionekani, Anfal hawezi kuja kutoka Wafra. Najua si kosa lake. Hata hivyo nimemkasirikia.

Baba alivaa joho tangu Adhuhuri, amekaa sebuleni na birika la kahawa ya iliki, mlango umefungwa vumbi lisiingie. Nilipomwambia hawaji, alisema labda litatulia. Akakaa. Halikutulia. Keki tumekula wawili, ina mchanga.

Jumamosi, 25 Februari

Sikukuu ya taifa. Bendera kila gari, watoto wanarushiana maji barabarani, na kamati haikutani. Sikukuu ikiisha Anfal ana mapumziko, anakwenda Istanbul siku tatu. Mbwa naye yupo, mguu umeunga, anatembea — anangoja watu wapumzike.

Alhamisi, 2 Machi

Siwezi kuandika vizuri kwa hasira.

Leo shuleni, kipindi cha mapumziko, nilifungua ukurasa wao. Deizi, amevishwa shali jekundu shingoni. Maneno chini: anatafuta familia Uholanzi. Uholanzi! Nimemwokota Salmi, nimejenga ukuta kama wa gereza, nimejibu hadi habari za ndoa nisiyokuwa nayo, halafu anapelekwa Uholanzi kuangalia mvua dirishani.

Nikampigia Anfal hapo hapo, nje ya maabara, wasichana wakisikia. Sikumpa nafasi ya salamu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema kwamba yeye mwenyewe angependa abaki. Ila huko hakuna anayewawinda wala kuwatupa, familia imeshajitokeza, na Alhamisi ijayo kuna nafasi kwenye ndege. Kamati imemuuliza hapa kwetu kuna nini cha kushinda hayo, naye hakuwa na jibu, kwa sababu hajafika.

Basi aje, nikasema. Atakuja Jumamosi, na mbwa mwenyewe, amwone anavyotulia na watu wa nyumbani. Wote. Nimemwarifu Mutlaq. Amesema hana nafasi, wanavunja kambi. Afadhali. Huyo kamati isimwone.

Jumamosi, 4 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Anfal alikuja saa nne. Nilidhani ni mrefu, kumbe ni kabinti kadogo, viatu vya raba vimejaa vumbi, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mbwa alishuka nyuma yake. Amenenepa kidogo, anachechemea kidogo. Alinusa kizingiti, akaingia. Ule ukuta hakuutazama hata mara moja!

Baba alikuwa amekaa barazani na joho lake. Hakumwita, hakupiga kidole. Alitazama pembeni, kama hana habari naye, ndivyo alivyotufundisha tulipokuwa wadogo. Mbwa akazunguka ua mzima, akarudi, akajilaza, akaweka kidevu juu ya kiatu cha Baba. Baba akamgusa sikio, yale manyoya marefu ya sikio, kwa ncha ya vidole. Anfal akaacha kuandika.

Shangazi naye alikuja, hakualikwa. Akakaa mbali, pua juu. Baadaye nikamwona anatupa kipande cha nyama kwa siri, akajifuta mkono kwa nguvu.

Nilimimina kahawa. Anfal akaniambia, polepole, kwamba anadhani sasa ana jibu la kuwapelekea kamati. Nikashika birika kwa mikono miwili nisije nikamkumbatia.

Geti likafunguliwa. Mutlaq, na gari lake la mizigo limejaa mahema. Alikuja kuyaweka stoo. Kama alisahau ni leo, au alidhani tumeshamaliza, sijui.

Mbwa aliinuka. Kwanza alisimama tu, pua juu. Halafu akakimbia kwa miguu mitatu, ule mbovu ameuinua, masikio yamelala nyuma, mwili mzima unajipinda. Akafika kwa Mutlaq, akaegemea magoti yake, akatoa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kwake. Hata siku ile barabarani hakuitoa.

Mutlaq alisimama mikono juu, kama mtu anayepekuliwa.

"Mbwa hawa wanampenda kila mtu," alisema.

Saluki hampendi kila mtu. Hilo kila aliyekuwa pale uani analijua, hata Shangazi.

Baba akasema, "Mwite jina lake."

"Baba, mimi—"

"Mwite."

Mutlaq akatazama chini. "Tarfa," alisema. Kwa sauti ndogo. Na mbwa akakaa, hapo hapo, miguuni pake, akimtazama usoni.

Anfal hakufoka. Ningependa angefoka. Alimuuliza jambo moja tu, kama alikuwa hai alipomwacha. Mutlaq akasema alikuwa hai. Mbwa alivunjika mguu akimfukuza sungura, kwenye mawe. Alidhani hataishi hadi Adhuhuri. Bunduki aliishika, akashindwa, akaiweka garini, akaondoka. Sisi akatwambia msimu huu ameuza mbwa mmoja kwa mtu wa Hafr, ng'ambo ya mpaka. Na mimi siku hiyo hiyo nimekula naye kambini! Alinitengea nyama laini. Akaniambia niendeshe taratibu.

Anfal akamfunga mbwa mkanda. Mbwa hakutaka kwenda. Alikuwa anageuka nyuma, kwa Mutlaq — si kwa Baba, si kwangu. Ilibidi abebwe. Nilimfungulia Anfal mlango wa gari. Akaingia bila kunitazama.

Jumapili, 5 Machi

Mutlaq hayupo. Baba amekaa chumbani. Shangazi amepiga simu, amemuulizia mbwa.

Nimemwandikia Anfal. Nimefuta. Nimeandika tena: mimi sikujua. Amejibu kwamba anajua sikujua. Kamati inakutana kesho, nisitegemee.

Halafu, baadaye, ujumbe mmoja peke yake: mbwa hajala tangu jana.

Jumatatu, 6 Machi

Kamati imesema hapana.

Ukuta upo. Mzuri. Umesimama.

Jumanne, 7 Machi

Naandika garini, kiti cha nyuma, nje ya geti la kituo, Wafra. Jua kali.

Mutlaq alikuja nyumbani mchana, nimetoka tu shuleni. Hakuingia, alisimama kwenye kizingiti. Akasema anakwenda Wafra kuwaambia kwa mdomo wake, na ataapa mbele yao kwamba mbwa akipewa dada, yeye hatakanyaga tena nyumba hii. Nimemjua kaka yangu miaka yote, sijawahi kumwona hajanyoa ndevu.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nimeyakusanya siku tatu, mengine ni makali sana. Baba akanitangulia. Alitoka na joho lake begani.

"Nani amekuambia usikanyage? Mbwa ameshakusamehe. Mimi bado. Ingia garini."

Akapanda mbele. Baba, ambaye tangu Mama afariki haendi hata msikiti wa mtaa wa pili. Njiani alimwambia Mutlaq mara moja apunguze mwendo.

Tumefika. Mutlaq alibonyeza kengele, akataja jina lake kamili, na la baba yake, na la babu yake. Hakuna aliyefungua. Nikataka kushuka nikazungumze mimi, Anfal ananijua. Baba akasema nikae.

Ndani wanabweka. Sijui kama naye yumo katika hao wanaobweka.

Anfal ametokea dirishani. Ametuona, Baba, mimi, Mutlaq. Amefunga pazia.

Mutlaq amebonyeza tena. Amengoja. Sasa amevua kilemba, amekaa chini mbele ya geti, mchangani, na kanzu yake nyeupe. Nimemuuliza Baba kama tumwite. Baba amesema mwache, naye angoje.